Kuvuka Malagarasi kwa Dadu Mbili

Mwongozo wa kanuni za mito, matope, pori na kuta kwa wachezaji wa michezo ya kuigiza mezani

Novemba 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulifika mto Malagarasi, magharibi ya Tabora, ukielekea Ujiji. Watu na mizigo walivushwa kwa mitumbwi midogo, baada ya mabishano marefu na wavushaji kuhusu malipo. Wakabaki punda. Wa kwanza, punda wa Kinyamwezi aliyeitwa Simba, alifungwa kamba shingoni akaingizwa majini. Alipofika katikati ya mto, mamba akamdaka. Watu wa ng'ambo wakavuta kamba kwa nguvu zao zote, lakini punda akazama. Aliyesalia hakuvushwa siku ile. Aliwekwa hadi kesho yake asubuhi, Sidi Mubarak Bombay, mkuu wa askari wa msafara, akamvusha wakati mamba bado wamezubaa.

Msimulizi anayetafuta kanuni za vizuizi kwa ajili ya mchezo wake hana haja ya kwenda mbali na kisa hiki. Mto ulikuwa na bei, na bei ilikuwa na wenyewe. Msafara ulipata hasara lakini haukusimama. Na walipojaribu mara ya pili, kwanza walibadilisha kitu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja wao ni msimulizi, waliobaki kila mmoja anaigiza mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilichopo, wachezaji wanasema wanafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu huamua. Aina hii ya michezo ilipata umbo lake mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Dadu zao zina pembe za ajabu ambazo ni shida kuzipata Tabora. Dadu mbili za ludo zinatosha, na kanuni za mwongozo huu zimepimwa kwa hizo.

KWA NINI DADU ISIULIZE "UMEPITA AU HUKUPITA?"

Kanuni inayozoeleka mezani ni hii: kuna mto, rusha dadu, ukipata namba umevuka. Usipopata? Mchezo unakwama ukingoni. Mchezaji anarusha tena, halafu tena, mpaka namba inakuja, na kila mtu anajua kwamba mto haukuwa na maana yoyote.

Historia ya njia ya Tabora inaonyesha mambo tofauti. Wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, mji ambao leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba, katika siku ya 134 ya safari. Walipita mito, matope, milima na pori kavu, na hakuna kilichowarudisha pwani. Ila kila kizuizi kiliwatoza. Walipofikia Ziwa Tanganyika Februari 1858, Speke alikuwa haoni vizuri na Burton hawezi kutembea.

Kwa hiyo dadu iulize swali jingine: utalipa kiasi gani? Malipo katika mchezo wa msafara ni ya aina tatu.

Siku. Mvua za Tabora huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na mashamba yao, na wengi walitaka wawe nyumbani msimu wa kulima unapofika. Chora kalenda kwenye karatasi ambayo kila mtu anaiona. Siku inayofutwa mbele ya macho inauma kuliko inayotajwa kwa mdomo.

Mzigo. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: merikani, kaniki, shanga, masango ya shaba, au pembe za ndovu kurudi pwani. Anayetaka kujua uzito huo aweke ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kichwani, kisha afikirie ya lita 12 juu yake, halafu atoke stesheni ya Tabora kwenda Kwihara. Mezani, tumia kete za bao: kete moja ni mzigo mmoja.

Mwili. Kila mhusika ana vistari vitano. Vikiisha hafi hapo hapo. Anabebwa kwa machela, na machela inakula wapagazi wawili, yaani mizigo miwili inakosa mbebaji. Kanuni hii ndogo huzua mazungumzo makali mezani kuliko kifo chochote.

HATUA TANO

1. Eleza kizuizi kwa macho na masikio. Usiseme "kuna mto mgumu." Sema maji ni ya rangi gani, yanafika wapi kwenye mwili wa mtu, ng'ambo kuna nini, na nani amekaa ukingoni.

2. Uliza wanavuka vipi. Usitaje dadu bado. Kukanyaga, kuogelea na kamba, kukata mti ulalie mto, kuajiri mtumbwi, kuzunguka: kila njia ina uwezo wake. Wahusika wana uwezo wa aina tatu, Nguvu, Wepesi na Ujuzi wa Njia, kila mmoja kati ya 0 na 2.

3. Taja namba na bei zote mbili, ndogo na kamili, kabla dadu hazijarushwa. Mchezaji akiona bei ni kubwa, ana haki ya kubadili njia.

4. Rusha dadu mbili mara moja, jumlisha, ongeza uwezo. Kifaa kinachofaa au msaada wa mwenyeji huongeza 1, lakini nyongeza za aina hii zisizidi 2.

5. Lipa, kisha songa mbele. Aliyefikia namba analipa bei ndogo. Aliyepungukiwa na 1 au 2 amevuka, lakini kwa bei kamili. Aliyepungukiwa na 3 au zaidi analipa bei kamili na hali inageuka: kamba inakatika, nusu ya msafara inabaki upande wa pili, mamba anamwona punda.

KISANDUKU: NAMBA ZA UGUMU
(nafasi ya kufikia namba kwa dadu mbili, bila nyongeza)

5, nyepesi: asilimia 83
7, wastani: asilimia 58
9, ngumu: asilimia 28
11, ya hatari: asilimia 8

Mwenye uwezo wa 2 anaikuta 9 kama wengine wanavyoikuta 7. Msimulizi mgeni hupenda kutaja 9 kwa kila kitu, akidhani ndiyo "ngumu kidogo." Aitazame tena asilimia 28.

KOSA LINALOUA MICHEZO MINGI

Wahusika watano wanavuka mto. Msimulizi anasema: kila mtu arushe. Namba ni 7, inaonekana ya haki.

Piga hesabu. Nafasi ya mmoja ni asilimia 58. Nafasi ya wote watano kufaulu kwa pamoja ni kama asilimia 7. Hata ukishusha namba hadi 5, nafasi ya wote kufaulu ni asilimia 40 tu. Msimulizi alidhani ameweka mto wa kawaida, kumbe ameweka mtego.

Msafara ulitembea kama mwili mmoja, mbele kabisa kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mwenye kilemba na bendera, nyuma yake mstari wa mizigo. Basi mtu mmoja arushe kwa niaba ya wote: kirangozi kama jambo ni la kujua njia, mwenye nguvu kuliko wote kama ni la kamba. Wengine wanaweza kusaidia kwa nyongeza ya 1, ila waseme wanafanya nini hasa. "Namsaidia" haitoshi. "Nasimama chini ya mkondo na fito ili mzigo ukianguka niudake" inatosha sana.

Kosa la pili ni kurudia. Kurusha tena kwa njia ile ile hakuruhusiwi. Ili kujaribu upya, lazima kitu kibadilike: saa, kifaa, mtu, au mahali. Bombay hakumvuta punda wa pili kwa kamba ndefu zaidi. Alibadilisha saa.

MITO

Mto ndio kizuizi chenye utajiri kuliko vyote, na uwe na angalau njia tatu za kuuvuka. Kati ya pwani na Ujiji msafara ulikutana na Kingani, ambao siku hizi unaitwa Ruvu, kisha mikondo ya Usagara, na baada ya Tabora mito ya upande wa Malagarasi. Wakati wa kiangazi baadhi ya mikondo hiyo ni mchanga mtupu. Masika, mkondo ule ule unambeba mtu.

Mfano wa Malagarasi, uko tayari kutumika:

Kwa mtumbwi wa wenyeji: namba 7, Ujuzi wa Njia. Bei ndogo: nusu siku na mzigo mmoja wa nguo. Bei kamili: siku nzima na mizigo miwili.

Kwa kuogelea na kamba: namba 9, Nguvu. Bei ndogo: kistari kimoja cha Mwili kwa mrushaji. Bei kamili: kistari kimoja kwa kila mhusika na mzigo mmoja majini.

Kwa kuzunguka hadi penye kina kifupi: hakuna dadu. Siku tatu zinafutwa.

Njia ya tatu ni muhimu kuliko inavyoonekana. Wachezaji wakijua wanaweza kulipa siku na kuepuka dadu, wakiamua kurusha wanakuwa wamechagua wenyewe.

Punda wavuke peke yao, kwa mrusho wao, baada ya watu. Ndivyo ilivyokuwa.

Onyo: usichore mto bila watu. Malagarasi ulikuwa na wavushaji, na wavushaji walikuwa na mkubwa wao. Bei ilijadiliwa, na baada ya sehemu ya msafara kuvuka ilidaiwa nyongeza. Wachezaji wakijaribu kupora mtumbwi, namba ya kila mto unaofuata ipande kwa 2, maana habari husafiri haraka kuliko msafara.

Kitu kimoja katika kila msafara kiwe ni mzigo usioweza kufidiwa. Mwaka 1872, Stanley akirudi pwani, kilikuwa sanduku lenye nyaraka za David Livingstone, mpelelezi aliyekuwa amemkuta Ujiji. Mpagazi alilibeba kichwani akivuka maji ya mafuriko, akatumbukia penye shimo, na Stanley akamwelekezea bastola akimwamuru asiliangushe. Sanduku lilifika. Mezani, kipe kitu hicho kete ya rangi tofauti, na mwambie anayeibeba kwamba hakuna bei kamili itakayoigusa isipokuwa dadu zikionyesha moja na moja. Uwezekano wake ni mara moja katika mirusho 36. Mikono itatetemeka hata hivyo.

MATOPE NA MBUGA

Bonde la Makata, baada ya Morogoro, lilikuwa jina la kutisha kwa misafara ya masika. Stanley alilipita 1871 mvua zikinyesha na kupoteza punda. Mwaka 1873 Robert Moffat, kijana wa ukoo wa mke wa Livingstone, alifariki kwa homa njiani akiufuata msafara wa Verney Lovett Cameron. Upande wa Tabora kizuizi cha namna hii ni mbuga: tambarare ya udongo mweusi, kiangazi imepasuka kama ukoko wa ugali, mvua ikinyesha inanasa kila kinachoingia. Aliyewahi kusukuma baiskeli yenye dumu la asali mbugani mwezi wa Januari hahitaji maelezo zaidi.

Matope hayana tukio moja kubwa, kwa hiyo mrusho mmoja haufai. Tumia saa ya matope:

1. Chora duara lenye vipande vinne.
2. Kila siku mbugani, kirangozi anarusha, namba 7. Akifikia, jaza vipande viwili. Akikosa, jaza kimoja.
3. Kila siku, bila kujali dadu, msafara unachagua: mzigo mmoja uachwe, au mhusika mmoja apoteze kistari cha Mwili.
4. Duara likijaa, wametoka.

Punda anabeba mizigo miwili nchi kavu. Mbugani anakuwa mzigo yeye mwenyewe.

PORI KAVU NA TEREKEZA

Hapa njia ya Tabora inawapa wachezaji kanuni ambayo hawataikuta kwenye kitabu chochote cha madukani. Kati ya Mpwapwa na Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, zaidi ya kilomita 40 bila maji ya kunywa. Baada ya Ugogo, kabla ya kuingia Unyamwezi, Mgunda Mkali. Pori la namna hii halikuvukwa kwa nguvu. Lilivukwa kwa mpango, na mpango huo uliitwa terekeza.

Msafara ulipika na kula, ukajaza vibuyu, ukaondoka adhuhuri imeshapita. Ulitembea hadi giza, ukalala bila maji, ukaamka kabla ya alfajiri na kuyafikia maji siku ya pili, kabla jua halijakolea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwendo iliangukia saa za jua hafifu.

Mezani:

1. Kabla ya kuondoka, kila mchezaji aamue atabeba vibuyu vingapi. Vibuyu viwili vinachukua nafasi ya kete moja.
2. Mrusho wa jioni, namba 7, Nguvu. Bei ndogo: kibuyu kimoja kwa kila mhusika. Bei kamili: viwili.
3. Usiku. Msimulizi asirushe kitu. Aulize tu: nani yuko macho, na anafikiria nini? Ni dakika tano, na mara nyingi ndizo bora za jioni nzima.
4. Mrusho wa alfajiri, namba 7, Ujuzi wa Njia. Bei ni zile zile.
5. Asiye na kibuyu analipa kwa Mwili, kistari kwa kibuyu.

Wakiondoka asubuhi kama kawaida badala ya kufuata terekeza, namba zote mbili ni 9. Usiwakataze. Mwenyeji wa kambi aliyekunja uso anatosha kuwa onyo.

MILIMA

Fupi: milima ya Usagara ilikuwa na njia, na aliyekuwa mzima aliipanda. Burton na Speke waliipanda Rubeho wakiwa wagonjwa, Speke akishikiliwa na watu. Basi mlima upime afya: namba ni 5, lakini inapanda kwa 1 kwa kila kistari cha Mwili ambacho mrushaji ameshapoteza.

KUTA NA MABOMA

Ukuta ni tofauti, kwa kuwa umejengwa ili usivukwe. Vijiji vingi njiani vilizungushiwa miti iliyosimikwa au ua wa minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, lilistahimili mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Lilianguka Januari 1893, na Isike akalipua baruti kuliko kukamatwa.

Anayepanda ukuta wenye walinzi anakabili namba 11, na hapo hakuna bei ndogo. Lakini kila taarifa ya kweli waliyoipata kabla, kama zamu ya mlinzi, mti uliooza au mlango wa mbuzi, inashusha namba kwa 2. Wachezaji werevu watafika ukutani namba ikiwa 5. Wale wa papara watakutana na 11, na msimulizi asiwahurumie.

KABLA YA KUANZA: MAMBO YA KUKUBALIANA

Njia hii ilipitisha pembe za ndovu na pia watu waliotekwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia kazi yao. Waliofungwa minyororo ni habari nyingine. Kikundi kikubaliane kabla dadu hazijatoka mfukoni: je, utumwa utaonekana mchezoni, na kwa namna gani? Jambo moja lisiruhusiwe mezani: mateka wasihesabiwe kama kete za mizigo. Na mchezaji yeyote akisema "turuke hapo," panarukwa bila maswali.

ORODHA YA MSIMULIZI

☐ Dadu mbili, kete 20 za rangi moja, kete moja ya rangi nyingine
☐ Kalenda ya siku, imewekwa mahali inapoonekana
☐ Kila kizuizi kina njia tatu, moja bila dadu
☐ Bei ndogo na bei kamili zimeandikwa
☐ Jina la mwenye mto, mwenye kisima au mwenye boma
☐ Kitu kimoja kitakachogeuka wakipungukiwa na 3
☐ Makubaliano ya kikundi yamesomwa kwa sauti

MEZANI KULIVYO

Kirangozi wa mchezo, msichana mwenye Ujuzi wa Njia 2, amefika Malagarasi na kete tisa na punda wawili. Zimebaki siku kumi na moja kwenye kalenda.

"Maji ya kahawia, yanakwenda polepole," anasema msimulizi. "Mitumbwi mitatu. Mzee amekaa kwenye gogo, hakuangalieni."

"Namsalimu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mna nguo au mna maneno?"

Meza inacheka. Mchezaji wa mpishi ananong'ona kwamba tuogelee, tuhifadhi nguo. Kirangozi anahesabu kete kwa kidole. Namba ni 7, bei zimetajwa. Anarusha: 3 na 1, jumla 4, ongeza 2, imekuwa 6. Amepungukiwa na 1. Wote wako ng'ambo, lakini jua limezama, na kete mbili zimehamia kwa mzee.

Sasa punda. Mchezaji wa mpagazi ameshanyanyua dadu, kirangozi anamshika mkono.

"Subiri. Nataka kumuuliza mzee kwanza mamba wanalala saa ngapi."

Msimulizi anachukua kalamu, anasogea kwenye kalenda.